Arobaini vya Mwanzo

Dada mtu aliingia ofisini bila hodi, hedifoni zikiwa shingoni. Si zile za kusikilizia muziki. Hizi zilikuwa nzito, za kupimia usikivu, upande mmoja una alama nyekundu na mwingine ya buluu, na waya wake mrefu ulining'inia mpaka magotini bila kuunganishwa na kitu chochote. Alikuwa ametembea nazo hivyo kutoka jengo la watoto, akapita mapokezi, akapita foleni ya dawa, na watu walimpisha njia bila kuambiwa.

"Mashine yangu iko wapi?"

Mdogo wake wa kike aliinua uso kutoka kwenye kompyuta. "Mashine gani, dada?"

"Usinifanyie hivyo. Nina mashine ngapi mimi? Nimetoka kunywa chai, nakuta meza tupu. Wabebaji wananiambia imo kwenye orodha ya vifaa vibovu. Nikawauliza orodha ya nani, wakasema ya ofisi ya vifaa. Sasa ofisi ya vifaa ni nani? Ni wewe."

"Na hizo?" Mdogo mtu alionyesha hedifoni.

"Hizi hazina namba. Walitaka kuzichukua, nikawaambia nionyesheni kibandiko chake. Hawakukiona. Nikazivaa. Anayezitaka aje achukue na shingo yangu."

Nyumbani mdogo mtu wanamwita Chujio. Alipokuwa mtoto hakukubali kunywa chai iliyoachiwa hata jani moja. Alikuwa akikaa na kikombe karibu na dirisha, akikigeuza kwenye mwanga, huku kaka zake wakiwa wameshamaliza zao na kuanza kumcheka. Jina lile lilimfuata shuleni, likamfuata chuoni, na siku alipoajiriwa hospitalini kutunza mfumo wa vifaa, kaka yake mkubwa alicheka mpaka akakohoa. Hatimaye, alisema, kuna watu wamekubali kumlipa kwa ukaidi wake.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo hasa. Kila kifaa cha hospitali ile, kuanzia mashine za maabara mpaka viti vya magurudumu, kina namba, na namba hizo zinakaa kwenye mfumo. Anayetaka kujua jambo hazunguki kufungua makabati. Anatuma ombi kwenye mlango wa mfumo, ule ambao mafundi wanauita API, na ombi lenyewe ni mstari mmoja wa maandishi: nipe vifaa vya aina hii, acha vya aina ile, vipange kwa namna hii, nikatie idadi hii. Mfumo unajibu kabla hujapepesa macho. Ukiuliza vibaya, unajibu haraka vilevile.

"Kaa, dada," alisema Chujio.

"Sikai. Nikikaa nitalia, na sijaja hapa kulia."

Chumba cha dada mtu kiko mwisho wa korido ya watoto. Kina milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine, na kuta zake zimevishwa sponji nene za kijivu zinazomeza kila sauti. Ukiingia mara ya kwanza unadhani umeziba masikio. Humo ndani mtoto anakalishwa kwenye kiti kidogo, anavishwa hedifoni, anaambiwa ainue mkono kila akisikia mlio. Wapo ambao hawainui kamwe. Wapo walioletwa na wazazi wanaosema huyu ni mjinga, huyu ana kiburi, huyu hataki kuitika, na dada mtu anatoka na karatasi yenye mistari miwili, nyekundu na buluu, na kuwaambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto hana kiburi, hasikii tu. Mama yao mwenyewe alikuwa hivyo. Mtaa mzima ulimwita mwenye maringo kwa sababu hakujibu salamu, na yeye alikufa bila kujua kwamba alikuwa akisalimiwa.

Chujio anakijua chumba kile kuliko yeyote asiyefanya kazi humo. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, anakaa kwenye kile kiti kidogo, magoti yakigusa kidevu, na dada yake anampima. Hapimwi kwa sababu anaumwa. Mashine ile huweza kupotoka kidogo kidogo bila mtu kugundua, na njia ya kuijua ni kuipima kwa masikio unayoyafahamu. "Masikio yako ndiyo rula yangu," dada yake humwambia. Kwa hiyo Chujio aliijua mashine ile kuwa nzima kama mtu anavyojua mkono wake mwenyewe kuwa mzima. Jumatatu iliyopita tu alikuwa ameisikia.

Akafungua orodha. Hakuwa ameitengeneza yeye. Ombi lilikuwa limeandikwa na Meneja wa mali, na Meneja si mtu wa kubahatisha. Alisomea mambo haya, na anapenda kuandika maombi yake mwenyewe ili asimngoje mtu. Lilisema: leta vifaa visivyothibitishwa kuwa vinatumika, vipange kwa tarehe vilipoonekana mtandaoni mara ya mwisho, vya zamani vitangulie, kata arobaini vya mwanzo. Hivyo arobaini ndivyo vya kutolewa.

Chujio alisoma mara mbili. Kisha akahisi vidole vyake vinapoa. Hasira yake huanzia hapo kwenye vidole, haina kelele, na waliomzoea wanaiogopa kwa sababu hiyo.

"Sema," dada yake alimwambia. "Nakuona."

"Haikutafutwa iliyozeeka. Kifaa ambacho hakijawahi kuonekana mtandaoni hakina tarehe. Pale pa tarehe pana tupu. Na mfumo huu ukiuambia uanze na za zamani, unaweka tupu mwanzo kabisa, mbele ya tarehe zote."

"Kwa hiyo mashine yangu ni kikongwe kuliko vikongwe."

"Si kikongwe. Haijulikani tu. Kwa mfumo, kisichojulikana na kilichokufa vimekaa mstari mmoja."

Dada mtu alitia mkono mfukoni mwa koti lake jeupe, akatoa kidude cheusi, kidogo kama kiberiti, akakiweka mezani. "Ni hiki?"

Kilikuwa kidude cha mtandao, kile kinachochomekwa nyuma ya mashine ili ijitangaze kwenye mfumo kwamba ipo.

"Nilikichomoa siku ileile mliyoniletea," dada mtu alisema. "Kinanguruma. Ninyi hamkisikii kwa sababu ninyi hamsikii chochote. Lakini ndani ya hedifoni kinaimba kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Nitampimaje mtoto mlio mdogo kuliko mbu, na mbu yumo? Na hata ningekiacha, kuta zangu zinameza kila kitu. Mtandao wenu hauingii mle. Kile chumba kilijengwa ili kisiingiwe na kitu."

Chujio alisimama, kompyuta yake ndogo kwapani. "Twende kwa Meneja."

Ofisi ya Meneja iko ghorofa ya juu, ina ubaridi, na ukutani pamebandikwa maneno anayoyapenda: Mfumo hauna upendeleo. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza. Hilo ndilo lililomuudhi Chujio kuliko yote yaliyofuata. Angekuwa haelewi, mtu angemwelewesha.

"Nimekuelewa vizuri sana," Meneja alisema. "Tupu zimetangulia. Ni kweli. Kwenye orodha ijayo tutaangalia."

"Na hii?"

"Hii imeshapitishwa. Kikao kimeridhia vitu arobaini, lori linakuja leo mchana. Nikianza kutoa kimoja, kesho kila idara itapanda ngazi hizi na hedifoni shingoni." Alitabasamu kidogo kwa utani wake mwenyewe. "Idara iandike barua. Kikao kijacho tutaijadili."

"Kikao kijacho mashine itakuwa imeshavunjwa kuwa vyuma," alisema dada mtu.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Naheshimu kazi yako. Lakini kwa mujibu wa mfumo, kile kifaa hakijafanya kazi hata siku moja. Na chumba nacho kimeshapangiwa matumizi mengine. Tuna mafaili yanalala chini."

"Watoto je, walale wapi?"

Meneja alitazama saa yake. "Getini pana tableti. Mlinzi anasoma namba, tableti inauliza mfumo: hiki kimo kwenye orodha au hakimo? Kikiwemo kinatoka, kisipokuwemo hakitoki, hata mimi nikisimama pale nikilia. Niliweka hivyo ili mtu asije kuleta mambo ya kujuana. Mfumo hauna upendeleo."

"Hauna upendeleo kwa sababu hauna macho," Chujio alisema, akatoka.

Kwenye ngazi dada yake alimshika kiwiko. "Wewe una funguo za mfumo. Iandikie tarehe. Andika jana. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Ndiye huyo Chujio wa chai."

"Sitaki kukisemea uongo kitu ambacho ni kizima, dada. Uongo wasemewe vibovu. Nataka iseme yenyewe." Akafungua kiganja, kidude cheusi kilikuwa mle. "Tableti yao inauliza orodha ya sasa hivi, si ya jana. Mashine ikionekana mtandaoni leo, hata mara moja tu, inathibitishwa kuwa inatumika, na inatoka kwenye orodha. Na uwanja wa nyuma hauna sponji."

Uwanja wa vifaa vibovu uko nyuma ya chumba cha kufulia, pale ambapo maji ya sabuni hupita kwenye mfereji wazi na harufu ya mashuka yaliyochemshwa haiishi. Lori lilikuwa limeshaingia kinyumenyume. Nusu ya vitu ilikuwa imepakiwa, na juu ya vyote, magurudumu yakiangalia mbingu, vilikuwa viti vya wagonjwa, vingine bado vina mito yake. Gurudumu moja lilikuwa linazunguka polepole kwa upepo.

Mashine ya dada mtu ilikuwa chini, kwenye zege, imelazwa ubavu.

Dada mtu aliinama, akainyanyua kama mtu anayemnyanyua mtoto aliyeanguka, akaifuta vumbi kwa kiwiko cha koti.

"Mama, huo ni mzigo wangu," dereva alimwambia kutoka kwenye kivuli cha lori.

"Mzigo wako ni hilo tumbo. Hii ni mashine."

Mlinzi wa geti, mzee mwenye kofia kubwa kuliko kichwa chake, alicheka ndani kwa ndani. Alikuwa na kibanda, na kibandani alikuwa na soketi moja iliyokuwa ikichaji simu yake. "Mzee wangu," Chujio alimwambia, "nikuombe umeme kidogo."

"Simu yangu ina asilimia tatu."

"Na mjukuu wako je? Si ndiye uliyemleta akapimwa masikio kabla shule hazijafunguliwa?"

Mzee alimtazama dada mtu, akazitazama hedifoni, akaitazama mashine. Akachomoa simu.

Chujio alichomeka waya, akachomeka kidude cheusi nyuma, akabonyeza. Taa ikawaka. Dada mtu alivaa hedifoni, akakunja uso. "Mbu huyo hapo."

"Mwache aimbe."

Walisimama wakisubiri, na dereva akapiga honi, na wabebaji wakaja kuangalia. Chujio alikuwa na kompyuta yake mapajani, ameketi kwenye benchi la mlinzi, akiuliza mfumo swali moja na kuliuliza tena. Mara penye tupu pakaandikwa leo. Mashine ilikuwa imesema ipo. Akafungua orodha; namba yake haikuwemo.

"Soma, mzee."

Mlinzi alielekeza tableti kwenye kibandiko. "Haitoki," alisema, kwa furaha ya mtu aliyezoea kusema hivyo kwa huzuni.

Dada mtu alifumba macho. Lakini Chujio hakufumba yake, kwa sababu alikuwa bado anaangalia orodha, na orodha ilikuwa bado na vitu arobaini. Ndivyo ilivyoagizwa. Kimoja kikitoka, kinachofuata kinapanda kujaza nafasi. Chini kabisa, pale ambapo dakika moja iliyopita hapakuwa na kitu kama hicho, palisomeka: mizani ya watoto wachanga, wodi ya uzazi. Tarehe tupu.

Simu ya mbebaji mmoja ikalia, ujumbe kutoka kwenye mfumo. Akausoma. "Kuna kingine kimeongezeka," akawaambia wenzake. "Twendeni uzazi."

"Kingine gani?" dada mtu aliuliza.

"Mizani," alisema Chujio.

"Ile ya mshale? Ile haina hata waya."

"Ndiyo maana."

Hapo ndipo alipoelewa vizuri kitu alichokuwa anakiona tangu alipofika, na vidole vyake vikawa baridi kabisa. Viti vile vya magurudumu juu ya lori havijawahi kuonekana mtandaoni. Vingeonekanaje? Havina umeme, havina kidude, vina magurudumu tu na mtu wa kuvisukuma. Mashine ya dada yake ilikuwa na mdomo, ilihitaji tu kupewa nafasi ya kuongea. Hivi havina mdomo. Na kila alichokiokoa yeye, kingine kisicho na mdomo kingesukumwa kuchukua nafasi yake, mpaka arobaini itimie, na Meneja angekaa kwenye ubaridi wake akiamini kwamba hakumpendelea mtu.

"Dada," dada yake alimwambia polepole, na ni nadra mkubwa kumwita mdogo hivyo. "Tumeshapata yetu. Twende."

"Nenda. Nakuja."

"Nakujua wewe."

"Basi kama unanijua, shikilia hiyo mashine, usinishikilie mimi."

Akafungua ombi la Meneja. Alikuwa na ruhusa ya kulibadilisha, ndiye mtunzaji wa mfumo, lakini kila badiliko huandikwa pamoja na jina la aliyelifanya, na Meneja aliwahi kusema kwenye kikao kwamba atakayegusa maombi yake ajitafutie kazi kwingine. Mpaka siku ile hakuna aliyegusa. Chujio aliongeza sharti moja dogo: tarehe isiwe tupu. Palipokuwa na nafasi ya kueleza sababu aliandika: Kutokuonekana si kufa. Akasoma, akaona ni maneno ya kimashairi mno kwa mfumo, akaongeza: Viti vya magurudumu haviingii mtandaoni. Akatuma.

Orodha ilijipanga upya. Juu yake sasa zilikaa kompyuta nene za ghala la pili ambazo ziliacha kuongea zamani, mashine ya kuchapisha iliyowahi kuungua, vitu vilivyokufa kweli, kila kimoja na tarehe yake.

"Soma vya kwenye lori, mzee."

Mlinzi alipanda kwenye ngazi ya lori, akaelekeza tableti. "Hakitoki." Akasogea. "Hakitoki. Hiki nacho hakitoki."

"Hii ni kazi gani sasa?" dereva alilalamika. "Mnipakie, mnishushie. Mimi ni lori au ni lifti?"

"Nenda ghala la pili," Chujio alimwambia. "Arobaini vyako viko kule, na vingine ni vizito, tumbo litapungua."

Simu yake ililia kabla kiti cha kwanza hakijafika chini.

"Umegusa ombi langu," sauti ya Meneja ilisema.

"Nimegusa."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Jina langu liko pale. Sikuandika la mtu mwingine."

"Mimi sisemi na jina. Nauliza nani alikuruhusu kubadilisha kitu kilichopitishwa na kikao."

"Kikao kilipitisha vitu vibovu. Hakikupitisha viti ambavyo asubuhi ya leo wagonjwa waliteremshwa ili vichukuliwe."

"Jumatatu saa tatu, ofisini kwangu. Uje na maelezo kwa maandishi."

"Nitakuja. Na nitakuja na kiti kimoja, ukiulize mwenyewe mara ya mwisho kiliingia lini mtandaoni."

Akakata. Alijiambia kwamba ni hasira tu, hakuwa anaogopa. Labda alikuwa anaogopa. Hasira na hofu zilikuwa zimemjaa na hakuna iliyokuwa tayari kuipisha nyingine.

Mashine waliirudisha juu ya kiti cha magurudumu, dada mtu akisukuma, Chujio akiishikilia isiteleze. Kwenye korido watu walidhani ni mgonjwa. Walipofika walikuta mlango wa nje wa chumba cha kimya umeshaegemezwa maboksi mawili ya mafaili. Dada mtu aliyasukuma kwa mguu mpaka katikati ya njia, akayaacha hapo.

Waliiweka mezani, wakaiunganisha na hedifoni zake. Kitu cha kwanza dada mtu alichofanya ni kuchomoa kidude cheusi na kumtupia mdogo wake. "Mbu wako huyo. Kila Jumatatu nitaitoa nje kwenye korido, nimchomeke, ijitangaze, halafu arudi mfukoni kwako. Humu haingii."

"Sawa."

"Kaa sasa."

Chujio alikitazama kile kiti kidogo. Mashine ilikuwa imelazwa ubavu juu ya zege. Huenda imepotoka, huenda imeharibika kabisa, na kama imeharibika basi yote yale yalikuwa bure na Meneja angekuwa amepata kibovu chake. Hakuna mwingine wa kujua isipokuwa masikio yake. Akaketi, magoti yakagusa kidevu. Milango miwili ikafungwa. Hedifoni zilikuwa bado na joto la shingo ya dada yake.

Kimya kikashuka. Chujio alisikiliza. Alichosikia ni damu yake mwenyewe, ikigonga na kugonga, kama mtu aliyefungiwa nje.

"Bado?" dada yake aliuliza kutoka kwenye meza ya mashine.

"Sijasikia kitu."

Dada mtu aliacha kubonyeza. Akamtazama kwa muda. "Ni wewe, si mashine. Una hasira. Kelele zako zinazidi za mbu. Siwezi kuipima hivyo."

"Siwezi kuitoa, dada."

"Sikukwambia uitoe. Utaihitaji Jumatatu. Nimekwambia iweke chini kidogo, tufanye kazi."

Chujio alifumba macho. Aliiweka chini, kama mtu anavyouweka mzigo kando ya kiti huku mguu wake ukiugusa, asije mtu akauchukua. Akawaza viti vile vikishushwa kimoja kimoja. Akawaza mama yao akipita mtaani, watu wakimsalimia pande zote mbili. Kugonga kukapungua, kukawa mbali. Na hapo, upande wa kulia, mdogo kuliko kitu chochote kilichokuwa duniani siku ile, ukaja ule mlio anaoujua, uleule wa kila Jumatatu, mahali pake palepale.

Akainua mkono.